Kompyuta Kuukuu na Ruhusa ya Kuziunganisha

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima ya Kibaha na Kisarawe. Limepigwa chapa kama lilivyosemwa, ili wale ambao hawakulisikia wapate kulisoma. Kabla ya somo, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya: programu, mtandao, leseni, hakimiliki, nakala, huria.

Hamjambo mlioko Maili Moja, Tumbi, Mlandizi na Soga. Hamjambo mlioko Kisarawe mjini, Minaki na Mzenga. Natumaini taa inatosha, na kila mtu ana kalamu na daftari lake.

Leo sitafungua somo jipya. Nitajibu barua. Imetoka katika darasa moja la Kisarawe, nao wameiandika wenyewe, kwa herufi zilizosimama wima kama mahindi. Nilifurahi kwa mwandiko hata kabla ya kujua wanauliza nini. Sikilizeni:

“Mwalimu, salamu. Sisi ni watu ishirini na wawili. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wametupa kompyuta tisa kuukuu walizokuwa nazo majumbani. Saba zina karatasi ndogo ubavuni iliyoandikwa Windows XP Home Edition. Ya nane ni ya zamani zaidi: kioo cheusi, maandishi meupe, na picha hakuna. Ya tisa ni kioja, maana kompyuta nzima imo ndani ya kibodi, na juu yake pameandikwa Commodore 64. Twataka kuziunganisha, ili kitabu kikiwekwa katika moja kisomeke katika zote. Tena twataka kuwachapia watu barua kwa malipo kidogo, tupate fedha ya umeme. Kijana mmoja mwenye duka amesema atatutilia programu zote kwa shilingi 90,000, yaani 10,000 kila mashine, na mambo ya leseni tusiyajali. Nusu ya darasa wanataka tulipe. Nusu wanasema huo ni wizi. Bibi mweka hazina amekalia sanduku na hataki kuondoka. Twaomba shauri.”

Basi, Bibi mweka hazina, endelea kukaa hapo hapo mpaka mwisho wa somo.

Nami nina shaka kama kijana huyo alizitazama mashine zenyewe. Commodore 64 ilitoka mwaka 1982, na hiyo 64 ya jina lake ni kilobaiti 64 za kumbukumbu. Windows XP, hata kwa uchache kabisa, yataka megabaiti 64, yaani mara elfu moja na ishirini na nne ya hizo. Kuitia XP katika Commodore ni kutaka kuyamwaga maji ya Mto Ruvu yote katika kata moja. Kwa hiyo shilingi 10,000 za mashine ya tisa zingekwenda bure, haidhuru mengine yaweje.

Msione haya kwa kutoijua mashine hiyo. Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilikataza kuleta kompyuta kutoka nje, kwa kuwa fedha za kigeni zilikuwa chache. Ndiyo sababu katika miaka ya 1980, wakati watoto wa Ulaya na Marekani walipokuwa wakicheza na Commodore sebuleni, hapa kwetu watu wengi hawakuiona hata katika picha.

Sasa tuje kwenye kuunganisha. Kompyuta zikiunganishwa zikapata kupelekeana habari, tunasema ziko katika mtandao. Ili ziunganike zahitaji vitu viwili. Kwanza njia: waya unaotoka katika kila mashine mpaka kwenye kisanduku kimoja kiitwacho swichi. Hicho hununuliwa dukani na kila mtu anakiona kwa macho. Pili zahitaji lugha moja, na lugha hiyo imo ndani ya programu. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na fundi, ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua. Watu wawili wanaweza kukaa jamvi moja, lakini mmoja akiwa hajui lugha ya mwenzake watatazamana tu. Mashine nazo ni hivyo hivyo.

Hapo zamani kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Mashine za kampuni ya Novell zilisema lugha iitwayo IPX. Za Microsoft zilisema nyingine, NetBEUI. Lakini ilikuwapo lugha iitwayo TCP/IP, ambayo haina mwenyewe anayetoza ushuru kwa anayeisema. Ilianza kutumika rasmi katika mtandao wa watafiti wa Marekani tarehe 1 Januari 1983, na leo intaneti yote yaisema. Mimi huifananisha na Kiswahili sokoni Kariakoo: Mzaramo, Mchaga na Msukuma kila mtu ana lugha ya nyumbani kwao, lakini bei hutajwa kwa Kiswahili.

Tena msidhani kwamba mashine ndogo haziwezi kazi hii. Mwaka 1984 Mmarekani mmoja, Tom Jennings, alitunga programu iliyoitwa Fido. Kwa programu hiyo kompyuta ya nyumbani iliipigia nyingine simu usiku, wakati simu ni rahisi, zikapokezana barua kisha zikakata. Kila mashine ilikuwa posta ndogo: barua ililala pale mpaka simu ya usiku ije kuichukua. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Zambia na Zimbabwe vilipelekeana barua kwa njia hiyo hiyo, kabla intaneti haijatufikia. Mashine zao zilikuwa dhaifu kuliko hizo saba zenu.

Basi kuunganisha kwawezekana. Ugomvi wenu hauko kwenye waya. Uko kwenye ruhusa.

Watu wa Kisarawe mnajua habari ya mikorosho. Mtu akikukodisha mikorosho yake kwa msimu mmoja, una ruhusa ya kuokota korosho na kuuza. Huna ruhusa ya kukata mti uchome mkaa. Huna ruhusa ya kumkodisha jirani. Tena mtu aweza kununua kiwanja, na mikorosho iliyomo ikabaki mali ya aliyeipanda. Kompyuta ni hicho kiwanja. Programu ni mikorosho. Ukipewa kompyuta, umepewa chuma na kioo. Programu iliyo ndani bado ni ya aliyeitunga, nawe una ruhusa tu ya kuitumia kwa masharti fulani. Ruhusa hiyo ndiyo leseni.

Haki ya mtunzi yaitwa hakimiliki. Kwetu Tanzania Bara inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo yahesabu programu ya kompyuta sawa na kitabu. Kunakili programu na kuiuza bila ruhusa ni kosa. Ofisi inayosimamia mambo hayo ni COSOTA.

Labda mtu mmoja huko nyuma atauliza: Je, programu ikiwa kuukuu, na kampuni yenyewe imekufa, si mali ya jalalani? Swali zuri. Kampuni ya Commodore ilifilisika mwaka 1994. Lakini mwenye shamba akifa shamba halipotei; lina warithi, hata kama hawajulikani walipo. Sheria yetu inaiweka haki ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Programu za kompyuta za nyumbani hazijafikia umri huo hata moja. Kitu cha zamani huwa huru pale tu mwenyewe anapotamka. Microsoft, kwa mfano, mwaka 2018 iliyaachia huru maandishi ya MS-DOS 1.25 na 2.0, na mwaka 2024 ikaliachia toleo la 4.00. Matoleo ya baadaye, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi, haikuyatamka.

(Hapa redio itanyamaza kwa dakika tatu. Darasa lizungumze: Ni vitu gani hapa kwetu ambavyo mtu huruhusiwa kuvitumia bila kuvimiliki?)

Tuendelee. Leseni si za namna moja, na hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Ziko leseni za kuhesabu vichwa. NetWare, ile programu ya mtandao ya Novell, iliuzwa kwa hesabu: ya watu 5, ya watu 10, ya watu 25, na kuendelea. Ukinunua ya watu 5, wa sita hakufunguliwa mlango mpaka mmoja atoke. Msidhani hayo yamepita. Hizo Windows XP Home zenu nazo zahesabu. Mashine moja ikiweka vitabu, huruhusu mashine nyingine 5 tu kuingia kwa wakati mmoja. XP iliyoitwa Professional iliruhusu 10. Sasa ninyi mna mashine saba za XP. Moja ikiwa ghala la vitabu, zinabaki sita zinazotaka kusoma. Ya sita itagonga mlango bure. Kijana wa duka aliwaambia habari hii? Sidhani.

Ziko leseni zilizofungwa katika mashine yake. Hiyo karatasi ndogo ubavuni ina herufi na tarakimu 25, zimepangwa makundi matano ya tano tano. Ndiyo ushahidi kwamba ruhusa ya XP kwa mashine hiyo ililipwa tangu kiwandani, na mashine ikihama mikono, ruhusa huhama nayo. Haihamii mashine nyingine. Maana yake nini kwa Bibi mweka hazina? Maana yake ni kwamba kijana yule ataka kuwauzia kwa shilingi 70,000 kitu ambacho mashine zenu saba tayari zina ruhusa yake.

Ziko leseni za jaribu kwanza, ulipe baadaye. Hapa nitawapa kisa. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 Windows ya wakati ule haikujua lugha ya TCP/IP. Peter Tattam, mtu wa Tasmania huko Australia, alitunga programu ya kuifundisha, akaiita Trumpet Winsock. Sharti lake lilikuwa: itumie kwa siku chache, ukiipenda niletee malipo. Watu wengi sana duniani waliingia intaneti kwa mara ya kwanza kwa programu hiyo. Kampuni na magazeti waliigawa kama njugu. Waliolipa walikuwa wachache. Mwaka 2011 habari hii ilipotajwa tena, watu waliokuwa vijana zamani zile walianza kumpelekea fedha kwa kuchelewa, wakiomba radhi. Mimi nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba nyuma ya programu kuna mtu aliyekesha akifanya kazi.

Ziko pia leseni za bure kwa masharti, nazo zina mtego. Mmarekani Phil Karn, katikati ya miaka ya 1980, alitunga programu ya TCP/IP kwa kompyuta ndogo, iitwayo KA9Q. Wenye redio za kujifurahisha na shule waliruhusiwa kuitumia bila malipo. Mfanyabiashara alitakiwa kwenda kuomba ruhusa yake. Kadhalika Microsoft iliuza Office ya nyumbani na ya wanafunzi kwa bei nafuu, lakini sharti lake ni kwamba isitumike kwa biashara. Ninyi mmesema mtawachapia watu barua kwa malipo. Malipo yawe madogo namna gani, hiyo ni biashara. Kwa hiyo mkikuta neno “bure”, msifurahi kabla ya kuuliza: bure kwa nani, na kwa kazi gani?

Mwisho ziko programu huria, na hapa nitakaa kidogo.

Jirani yako ana mhogo mtamu. Unakwenda kumwomba pingili. Anakata, anakupa, unapanda kwako. Shamba lake halikupungua. Mwaka wa pili na wewe unaombwa, unatoa. Hivi ndivyo mbegu nyingi za mihogo zilivyosambaa hapa Pwani, na sijasikia mtu akiuziwa leseni ya pingili. Programu huria ni hivyo: waruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, hata ya malipo, waruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzio, waruhusiwa kuyatazama maandishi yake ya ndani na kuyatengeneza.

Lakini ina leseni vilevile. Huria si kwamba haina mwenyewe. Leseni ijulikanayo zaidi ni GPL, iliyotungwa na Richard Stallman wa Marekani mwaka 1989. Yasema: nimekupa pingili, ukiwagawia wengine, hata kama umeiboresha, nao wape ruhusa hiyo hiyo niliyokupa mimi, usiwafungie. Nyingine ni BSD, nayo ni laini zaidi: chukua, fanya upendavyo, ila usilifute jina la aliyekupa.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, alianza kuandika programu ya kuendeshea kompyuta, yaani Linux. Mwaka 1992 akaiweka chini ya GPL. Na kabla ya hapo watu wa Kibaha mlikwisha kujuana na Wafini. Kituo cha Elimu pale Tumbi kilianzishwa mwaka 1963 na nchi za Denmark, Ufini, Norwe na Uswidi, kisha mwaka 1970 kikakabidhiwa serikali yetu.

Tena iko habari ya Kibaha yenyewe. Katika miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitafuta namna ya kufundisha kwa kompyuta katika shule za sekondari za nje ya mji. Wakachagua shule mbili za Kibaha, Shule ya Sekondari ya Kibaha na Seminari ya Wasichana ya Wali-ul-Asr. Programu za kulipia zilikuwako, lakini shule ingelazimika kutafuta fedha za leseni, na fedha hizo hazikuwako. Basi walichagua programu huria, ambazo wao wenyewe waliweza kuzitengeneza zifuate masomo yetu. Wakati huo huo, mwaka 2004, chuo hicho pamoja na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua inayosema Kiswahili. Hawakuomba ruhusa kwa mtu, kwa sababu ruhusa ilikuwa imeandikwa tayari ndani ya leseni. Kama programu hiyo ingekuwa ya kufungwa, wangengoja kampuni iamue kama Kiswahili chafaa au hakifai.

Sasa, shauri langu kwa mashine zenu tisa.

Chagueni moja katika zile saba, yenye diski kubwa na kumbukumbu nyingi. Hiyo iwe ghala. Itieni Linux. Toleo la Debian 12, la mwaka 2023, bado lakubali mashine nyingi za zamani za biti 32; Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena chombo cha kuitilia mashine hizo, kwa hiyo fundi asikosee toleo. Ndani ya ghala mtie Samba. Hii ni programu ya GPL iliyoanzwa na Andrew Tridgell wa Australia karibu mwaka 1992, nayo husema lugha ya Windows vizuri kabisa, hata zile XP sita hazitajua kwamba zinazungumza na mgeni. Tena haihesabu vichwa. Sita wataingia, na siku mkipata kumi, kumi wataingia. Jambo moja fundi alikumbuke: tangu mwaka 2019 Samba huja imeifunga lugha ya zamani ya XP kwa ajili ya usalama. Huifungua kwa kuandika mstari mmoja.

Mashine sita zibaki na XP yake, kwa ruhusa ya karatasi yake. Lakini zisiingie intaneti. Microsoft iliacha kuzikinga tangu tarehe 8 Aprili 2014, na XP katika intaneti ya leo ni nyumba isiyo na mlango. Mtandao wenu uwe wa ndani tu. Vitabu vije kwa flashi mpaka kwenye ghala.

Kwa kuchapa barua tieni LibreOffice, ambayo ni mrithi wa ile OpenOffice. Ni huria, na malipo ya barua hayavunji sharti lolote. Toleo la 5.4 la mwaka 2017 ndilo la mwisho kukubali XP. Kwa vitabu, mnaweza kuweka katika ghala Wikipedia nzima ya Kiswahili kwa kutumia Kiwix, isomeke bila intaneti. Makala zake nazo zina leseni: mkizinakili na kuwagawia watu, tajeni zilikotoka, na msimzuie mwingine kuzinakili.

Ile ya kioo cheusi itieni FreeDOS, iliyoanzwa na Jim Hall mwaka 1994, pamoja na mTCP ya Michael Brutman. Zote mbili ni huria. Italeta maandishi kutoka kwenye ghala pole pole, nayo yafaa sana kwa mtu anayejifunza kupiga chapa, maana haina picha za kumpotezea wakati. Kurasa za intaneti za leo haitazifungua.

Na Commodore? Msweden mmoja, Adam Dunkels, alitoa mwaka 2003 programu iitwayo Contiki, yenye leseni ya namna ya BSD, inayoifanya Commodore 64 iseme TCP/IP katika zile kilobaiti zake 64. Ni kazi ya ajabu kweli. Lakini yataka kadi ya mtandao ya kupachika nyuma, na kuagiza kadi hiyo kutoka nje kutawapunguzia fedha za umeme. Mimi ningeiweka juu ya kabati mpaka atokee kijana mwenye wazimu wa mashine.

Nisiwadanganye: huria haina maana ya kutokutoa kitu. Mtanunua waya na swichi. Mtamlipa fundi siku yake ya kazi, na hiyo ni haki yake. Hata huyo kijana wa duka, akikubali kufanya hivi nilivyosema, mlipeni kwa kazi, wala msimfukuze. Mtapata mashine ya kupigia chapa ambayo Linux haiitambui, mtakaa jioni nzima mkihangaika. Tena ofisi nyingi za mjini zatumia Windows, na mtu anayetafuta kazi huko sharti aijue. Kwa sababu hiyo sikuwaambia mziondoe XP zote.

Mtaniuliza kwa nini nashika sana habari ya nakala za wizi. Miaka mingi iliyopita nilimlipa mtu wa duka moja mjini, duka silitaji, anitilie Windows katika kompyuta yangu. Alitabasamu, akachukua fedha, kazi ikaisha kwa nusu saa. Wiki chache baadaye kioo kikaniambia kwamba programu yangu si halali, kisha mashine ikajaa virusi vilivyokuja pamoja na nakala ile. Nilipoteza maandishi ya masomo ya mwaka mzima. Nilirudi dukani. Aliniuliza, “Risiti iko wapi?” Sikuwa nayo, na hata kama ningekuwa nayo, ningeipeleka kwa nani?

Wakati wetu umekwisha. Kazi ya wiki hii ni hii. Kila kikundi cha watu watatu kichukue mashine moja ya XP, kiigeuze, kifute vumbi ubavuni, kisha kinakili daftarini zile herufi na tarakimu 25 bila kukosa hata moja. Mmoja asome, mmoja aandike, wa tatu ahakikishe. Angalieni sana herufi B na tarakimu 8, maana zafanana. Daftari hilo apewe Bibi mweka hazina alitie ndani ya sanduku, na kwa kazi hiyo namruhusu asimame. Mashine ambayo karatasi yake imebanduka, iandikeni peke yake. Hiyo ndiyo iwe ghala la Linux, ikiwa diski yake yatosha.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutazungumza habari za kufunga vichwa vya waya, na rangi zake nane. Kwaherini.